Besi Juu ya Kaburi

Watu wa Juu na watu wa Bondeni walikuwa hawasalimiani tangu mwaka juzi, na niliporudi nyumbani kwa Pasaka nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Sikuwa nimejiandaa kwa mama yangu.

Nieleze kwanza, maana si kila msomaji anatoka kwetu. Kijiji chetu kiko mkoani Iringa, kwenye milima ya chai na misonobari, si mbali sana na Mgololo ambako baba alifanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Kanisa letu la Kilutheri, makao ya usharika wetu, liko juu ya mlima. Chini, ng'ambo ya mto, kuna mtaa wa usharika huohuo. Mtaa kwa Walutheri ni kama tawi: una mwinjilisti na kikanisa chake, lakini mchungaji ni wa kule juu, na mambo makubwa yote yanaamuliwa kule juu. Watu wa Bondeni wakaomba wawe usharika kamili wenye mchungaji wao. Watu wa Juu wakakataa. Kila upande ulikuwa na hoja za maana, na nikikaa nao mmoja mmoja naweza kuzielewa zote. Shida ni kwamba walikuwa wameacha kukaa.

Mimi ni mwalimu, naishi Ilomba, Mbeya mjini, na kila nilipopiga simu nyumbani nilisimuliwa jambo jipya. Mara mwanakwaya wa Juu amerudisha kitenge cha sare kwa sababu kilishonwa na fundi wa Bondeni. Mara harusi imekosa wapishi. Watu wa Juu waliwaita wenzao kanisa la ulanzi, kwa kuwa mianzi ya kugemea pombe ile imejaa kando ya mto wao. Watu wa Bondeni waliwaita wa Juu mafarisayo wa mlimani. Haya yalisemwa na watu waliobatiziana watoto.

Kundi la matarumbeta nalo likavunjika. Matarumbeta madogo yalibaki Juu, yale ya sauti ya kati yakashuka Bondeni pamoja na wapigaji wake. Besi peke yake, lile tarumbeta kubwa la kukumbatia, haikwenda kokote. Ilikuwa nyumbani kwetu, kwenye mteremko, katikati ya pande zote mbili, kwa sababu mpigaji wake alikuwa baba.

Baba hakuchagua upande. Alisali Juu kama alivyosali siku zote, na alipofariki mzee mmoja wa Bondeni, rafiki yake wa zamani, alibeba besi yake akashuka msibani kumzika. Kwa kosa hilo wazee wa kanisa wa Juu walitangaza kuwa amejitoa mwenyewe kundini. Baba alicheka. Alisema atawaacha wapoe. Kabla hawajapoa, wakati wa baridi kali ya mwaka uliofuata, akafariki.

Mchungaji alikuja akamzika, hilo alilisimamia. Lakini kundi la Juu lilikataa kumpigia kwa kudai kwamba alikuwa wa Bondeni, na kundi la Bondeni lilikataa kwa sababu hakuwahi kuhamia kwao. Mtu aliyewapigia wafu wa kijiji kizima akashushwa kaburini kwa sauti za watu tu, nazo zilikuwa chache. Mama hakulia siku ile. Alikuwa anawatazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu mifugo.

Sasa hapa ndipo Pasaka inapoingia. Kwetu Pasaka haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Alfajiri usharika mzima, Juu na Bondeni, hupanda huko, maana makaburi ni ya pamoja, matarumbeta yakiwa mbele. Kila aliyezikwa tangu Pasaka iliyopita hutajwa kwa jina mbele ya kaburi lake, kisha hupigiwa ubeti mmoja wa wimbo wa ufufuo. Ni dakika chache tu, lakini kwa familia ndiyo siku msiba unapokwisha. Mjane huvua kitambaa cheusi palepale. Asiyetajwa, watu hawasemi kitu, ila kila mtu anajua kwamba yule amebaki kama hakuwa mtu wao.

Mama alitaka kitu kimoja: mume wake atajwe na apigiwe. Nilidhani ni jambo la kuomba kwa upole. Nilijitolea niende kwa wazee nikaongee nao, nieleze, nitafute njia. Ndiyo tabia yangu. Darasani huwa nafika nayo mbali. Mama aliniambia nikae nichambue mboga.

Siku ya Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu walikuja wenyewe. Alitangulia kiongozi wa matarumbeta wa Juu, mzee wa kanisa, mtu wa makamo ambaye baba ndiye aliyemfundisha kupuliza alipokuwa kijana. Alisimama uani akasema Bwana Yesu asifiwe. Mama akajibu amina bila kuinua uso kwenye sufuria, na hakumkaribisha kiti. Kwetu mgeni asiyekaribishwa kiti ametukanwa, naye alilijua hilo. Alieleza akiwa amesimama kwamba Pasaka bila besi haitapendeza, na kwamba besi ni mali ya usharika.

Mama akamuuliza kama marehemu atatajwa. Yule mzee akaanza maneno marefu kuhusu kikao, utaratibu na watu kujitoa wenyewe.

"Mnataka pumzi yake, yeye mwenyewe hamumtaki," mama akamwambia. "Nenda salama."

Jioni alikuja mwenyekiti wa kamati ya Bondeni, mama mwenye duka la mbegu na mbolea, hodari wa kusema. Huyu alikuwa binti wa yule mzee wa Bondeni ambaye baba alishuka kumzika. Naye alisimama uani, naye hakupewa kiti. Alimwita mama dada, akasema mpigaji wa besi wanaye, kijana aliyefundishwa na marehemu mwenyewe, kinachokosekana ni besi tu. Mama akamuuliza swali lilelile. Akajibu kwamba moyo wake ungependa, ila kamati ilishaamua kuwataja walioandikishwa kwao tu, na shemeji hakuwa ameandikishwa.

"Siku anampigia baba yako, ulimuuliza kaandikishwa wapi?"

Mwenyekiti akasema mambo ya kanisa hayaendeshwi kwa shukrani. Mama akacheka, kicheko kibaya ambacho sijawahi kukisikia kwake, akamwambia ameona hivyo. Yule mama alipofika njiani aligeuka akasema besi itaozea chumbani kama alivyooza mwenye nayo. Nilisimama. Mama alinishika sketi nikakaa.

Usiwahukumu upesi, msomaji. Nimewahi kuwaona watu haohao wakibeba mgonjwa kwenye machela mlima mzima, wakipokezana bila kuambizana. Ugomvi wa kanisa ni mgumu kuliko wa shamba kwa sababu kila mmoja anaamini anamgombea Mungu, na akilegea anaona amemwacha Mungu peke yake. Nilijaribu kumweleza mama hivyo, usiku wa Jumamosi, kwa maneno niliyoyachagua vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niwahi kulala kwa sababu alfajiri kuna mzigo.

Mzigo ulikuwa besi. Aliifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akakataa nimsaidie, tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito, nyasi zimelowa, na baridi ilikuwa ile ya kwetu inayoingia kupitia viatu. Hakwenda kusimama na watu wa Juu waliokuwa wakikusanyika langoni, wala na watu wa Bondeni waliokuwa wamepandia njia ya nyuma ili wasionane na wenzao. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la baba, akaifungua besi, akaiweka juu ya udongo, mdomo wake mpana ukiangalia mbinguni. Kisha akasimama kando, mikono kifuani.

Ibada mbili zilianza kwa pamoja. Sijui nani alikuwa ameshauri hivyo, au kama kuna aliyeshauri. Upande wa lango mchungaji alikuwa anasoma habari za wanawake waliokwenda kaburini. Upande wa nyuma mwinjilisti wa Bondeni alikuwa anasoma habari hizohizo, ametangulia mistari michache. Wanawake wakafika kaburini mara mbili. Kisha matarumbeta. Ya Juu yalikuwa membamba, yanalia kama vifaranga waliopotezwa na mama yao. Ya Bondeni yalikuwa na sauti ya katikati tu, wimbo hauna kichwa wala miguu. Kila upande ulipuliza kwa nguvu ili ufunike wa pili. Mtu aliyekuwa nyuma yangu alisema afadhali wafu hawasikii.

Wakaanza kutaja majina. Watu wa Juu walitembea kaburi kwa kaburi, na njia yao ilipita kwetu. Kiongozi wa matarumbeta aliiona besi kwa mbali. Nilimwona akipunguza mwendo, halafu akajikaza, akataka kupita kama aliyeona jiwe. Lakini wapigaji wake walikuwa wamesimama wanaitazama. Akarudi. Akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba ataichukua sasa, ni mali ya usharika, asilete aibu siku ya Bwana.

"Ichukue," mama akasema. "Iko juu yake. Mtaje kwanza, ndiyo uiname."

Usharika mzima ulikuwa unatazama. Mchungaji naye alifunga kitabu chake akamtazama yule mzee, na hakumsaidia kwa neno lolote. Nadhani mchungaji alikuwa amechoka kuliko sisi wote. Yule mzee akaangalia chini, akalitaja jina la baba kwa kunong'ona, haraka, kama mtu anayetema punje ya mchanga.

"Sauti," mama akasema. "Alikufundisha kupuliza, hakukufundisha kunong'ona."

Kuna mtu alicheka. Yule mzee akapandwa na hasira, na kwa hasira hiyo akalitaja jina kwa sauti kubwa, majina yote matatu, mpaka yakarudi kutoka kwenye misonobari. Akawaashiria wapigaji wake, nao wakapiga ubeti mmoja, wembamba uleule, bila sauti ya chini.

Sauti hiyo iliwafikia watu wa Bondeni kule nyuma. Mwenyekiti wao alikuja akipita katikati ya makaburi, kitenge amekikunja kiunoni, kamati nzima nyuma yake. Akasema marehemu amepigiwa na watu waliomfukuza, na kwamba kama kuna waliokuwa wake ni wao, kwa maana alishuka kumzika baba yake yeye mwenyekiti wakati mafarisayo hawa wamekaa kwenye vikao. Kiongozi wa Juu akamjibu kwamba marehemu alikufa akisali Juu, aulize mtu yeyote. Wakaanza kumgombania. Waliomkana wote wawili, sasa kila mmoja anamvuta kwake, na kila mmoja jicho lake liko kwenye besi. Mama alisimama katikati yao kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mwenyekiti akamtaja, kwa sauti kubwa zaidi ya yule mzee, akiongeza "kaka yetu" mbele ya jina. Akamsukuma mpigaji wake. Kijana akapiga goti kwenye udongo, akaikumbatia besi, akaiinua kabla mkono wa mtu wa Juu haujaifikia, akapuliza. Watu wa Juu hawakukubali kupitwa, nao wakaingia. Kwa ubeti mmoja, matarumbeta yote ya kijiji yalipiga wimbo mmoja juu ya kaburi la baba, kila upande ukikimbiza mwendo wake, hakuna aliyemtazama mwenzake. Lilikuwa pigo baya. Baba angeweka besi chini akawaambia waanze upya. Mimi nililia, na sikuwa na hakika nalilia nini.

Mama alifungua kitambaa cheusi, akakikunja mara mbili, akakitia kwapani.

Wimbo ulipokwisha ugomvi uliendelea hapohapo. Mikono minne ilikuwa kwenye besi. Mwishowe mchungaji aliamuru ikae kwake, na Bondeni wakasema watapeleka malalamiko dayosisi, na wamepeleka. Mpaka leo hawasalimiani. Sikuona hata mmoja aliyeomba radhi asubuhi ile, na nimekuwa nikiwafundisha watoto kwa miaka mingi kwamba neno la uzima huletwa na upendo. Sasa naongeza kidogo. Nawaambia kwamba wakati mwingine huletwa na watu wanaochukiana, kwa sababu ambazo si nzuri, na anayelihitaji hulipokea hivyohivyo.

Tulipokuwa tunashuka nilimuuliza mama kama amewasamehe. Akasema bado. Nikaanza kumweleza kwamba msamaha ni safari, si lazima ufike siku moja. Akasema anajua, ndiyo maana amesema bado.

Kwenye kona tulikutana uso kwa uso na mwenyekiti wa Bondeni, naye anashuka, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Njia ni nyembamba pale, hakuna pa kukwepea. Asubuhi ya Pasaka Mlutheri hasemi habari za asubuhi. Husema Bwana amefufuka, na anayeambiwa hana ruhusa ya kunyamaza. Yule mama alisita. Kisha akasema, macho kwenye tope:

"Bwana amefufuka, dada."

"Amefufuka kweli," mama akasema, akapita. Mkono hakutoa.