Nati Iliyobaki Mezani

Sifa zote ni zake Mungu, aliyeniacha nizeeke nikiwa bado na akili ya kukumbuka. Harufu ya lehemu inayoyeyuka hunirudisha hadi leo katika kibanda cha baba, Kariobangi, likizo ile ya Agosti nilipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Baba alitengeneza redio za mawasiliano za magari, nami nilitamani kufanya kazi mezani pake. Shangazi, dada yake aliyetulea baada ya mama kufariki, alisema mahali pangu ni jikoni. Baba akaamua: "Afunge plagi moja ya antena. Ikikubali, Jumamosi zote ni zake."

Waya wa antena ni waya ndani ya waya: uzi wa shaba katikati, plastiki nyeupe, wavu wa shaba, kisha ganda jeusi. Unyuzi mmoja wa wavu ukigusa uzi wa kati, redio inakuwa bubu. Nikaumenya kama yai la moto, nikalehemu huku nimeuma ulimi. Plagi ikang'aa. Nikaiinua nimwonyeshe Mzee Mutua, dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa akingoja, na hapo nikaiona nati ya kufungia, imelala mezani. Hiyo hupitishwa kwenye waya kwanza, kabla ya plagi. Upande wa pili ulikuwa umeshafungwa kwenye antena. Nati haikuwa na pa kuingilia.

"Haiya, fundi!" Mzee Mutua akacheka. "Umefunga mlango, ufunguo uko ndani!"

"Si nilisema?" Shangazi akadakia. "Njoo umenye viazi."

"Taratibu, mama," Mzee Mutua akamtuliza. "Kosa moja haliachi mke."

Baba hakucheka wala hakukemea. Aliikata plagi yangu kwa koleo, akanipa nyingine. "Waya bado ni mrefu, binti yangu. Anza na nati." Kisha akamshika Mzee Mutua mkono, wakatoka nje, nisitazamwe.

Mara ya pili Mzee Mutua aliita kwa redio ya gari lake, na zahanati yake ikaitika kwa sauti safi. Jumamosi iliyofuata Shangazi alimenya viazi peke yake, akaniletea chai mezani.

Leo wajukuu wangu, kule Komarock, hufunga plagi ndogo kama punje ya mahindi, za kubana bila moto. "Shosh, ukikosea unatupa tu," huniambia mimi bibi yao. Ni kweli, na kazi yao ni safi kuliko yangu. Naomba tu wasizoee kutupa watu. Nawe unayesoma, Bwana akujalie wa kukupa nafasi nyingine bila kukusimanga.