Jangwani Nilimfuata Mke Wangu

Mke wangu alipoondoka Durban kwenda Dubai, mtoto wetu alikuwa amefariki miezi mitano nyuma. Aliishi siku mbili tu. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wengi mtaani kwetu Overport walidhani mke wangu alinikimbia kufuata maisha mazuri, nami sikuwasahihisha. Kwangu ilikuwa nafuu wafikiri hivyo.

Sote wawili ni watu wa Tanga. Mimi naendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja Clairwood. Yeye alikuwa akichora hina. Maharusi wa Kihindi walimwita majumbani kwao, akirudi nguo zake zinanukia karafuu na mafuta ya mkaratusi. Baada ya msiba aliacha. Koni zake za hina zilikaukia kwenye friji, hakuna aliyezitupa. Kisha siku moja, akiosha vyombo, aliniambia amepata kazi ya miezi kumi kwenye kambi ya watalii jangwani, kuchora mikono ya wageni.

"Nenda," nikamwambia. "Utapumzisha akili."

Sikumuuliza kingine. Mungu anisamehe, niliona afadhali. Kukaa kimya peke yangu kulikuwa rahisi kuliko kunyamaziana wawili.

Miezi ya mwanzo alipiga simu kila Ijumaa. Mwezi wa nne alipiga mara moja. Toka mwezi wa tano hadi wa nane hakupiga kabisa. Ujumbe wangu aliusoma, nikaona umesomwa, na jibu halikuja. Nilimpigia mama mkwe Tanga nikijifanya namsalimia tu.

"Yu mzima," akasema kabla sijauliza. "Ananipigia. Kula anakula, kulala analala."

"Mama, mimi hanijibu."

"Baba, mimi hapo sina la kukuambia. Mtafute mwenyewe mkeo."

Wiki hizo sikuwa mtu. Kazini nilichoma boksi la vigae kwa uma za foklifti, likamwagika sakafuni lote, msimamizi akanirudisha nyumbani. Jirani yetu, mama wa Bukavu, Kongo, mwenye saluni chini ya ghorofa letu, alinikuta nimekaa kwenye ngazi na simu mkononi.

"Ndugu," akasema, "bibi yako iko kule, na wewe uko hapa unaangalia telefone. Utaangalia mpaka lini? Bon, enda umutafute." Bibi, kwa Kiswahili cha kwao, ni mke.

Kwenda Dubai si kazi ngumu kwa mwenye pasi, viza na likizo. Ugumu ulikuwa kufika alipo. Niliipigia ofisi ya kampuni iliyomwajiri, wakanijibu kwa adabu kwamba hawazungumzii wafanyakazi wao kwa simu. Kambi yenyewe iko katikati ya mchanga, hakuna basi la kwenda huko. Anayefika ni mgeni aliyelipia matembezi. Basi nami nikawa mgeni. Nilikata tiketi ya kupanda vilima vya mchanga, kupanda ngamia, kuteleza kwa ubao, chakula cha jioni na ngoma. Mwanamke wa kaunta aliniuliza kama nasherehekea jambo lolote maalumu. Nikasema hapana.

Alasiri dereva alinichukua mlangoni mwa hoteli. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, Mpashtuni, na ndiye pia aliyekuwa kiongozi wetu. Garini walikuwamo bwana na bibi harusi wapya kutoka Nairobi. Waliposikia nimetoka Afrika Kusini lakini nazungumza Kiswahili, walifurahi kama wameokota ndugu.

"Na shemeji umemwacha wapi?" yule kijana akaniuliza.

"Ametangulia," nikasema. Haukuwa uongo.

Lami ilipoisha, dereva alishuka akapunguza upepo wa magurudumu, akatuambia tufunge mikanda. Kisha akaliparamisha gari kwenye kilima cha mchanga, likasimama juu kabisa kwenye ukingo, likaanguka upande wa pili kiubavu. Bibi harusi alipiga kelele akicheka. Mchanga ulipiga vioo kama mvua. Tulipanda tena, tukaanguka tena. Wenzangu walishangilia, mimi nilishika mpini wa mlango nikiwaza neno moja tu: nitamwambia nini? Toka Durban nilikuwa nimepanga maneno, na kila gari lilipodondoka yalinitoka. Kilima cha nne au cha tano nilimwomba dereva asimame, nikatapika.

Alinimiminia maji mikononi ninawe uso. "Wengi hutapika, kaka," akasema kwa Kiingereza chake. "Usione haya. Ukifika kambini utapata kahawa."

"Kambini mnafika saa ngapi?"

"Usiwe na haraka. Kwanza pikipiki, kisha ubao."

Nilitaka kulia. Iliniwia kama adhabu iliyopangwa na mtu anayenijua. Nilisubiri wenzangu wamalize kuzungushana na pikipiki za magurudumu manne. Nikasubiri wateleze na ubao, wapande, wateleze tena. Kijana aliniita, "Njoo, bro, mara moja tu!" Ili nisionekane mwendawazimu nikateleza. Kuna picha yangu aliyonipiga, nimekaa juu ya ubao, mdomo wazi. Anayeiona hudhani nacheka.

Tulifika kambini jua likizama. Ulikuwa uwanja uliozungushiwa ua wa makuti, mazulia yametandazwa chini, meza fupi, mito, jukwaa katikati. Ngamia wawili walikuwa mlangoni wakipandisha na kushusha watu. Sikumpanda ngamia. Niliuliza hina inachorwa wapi, nikaonyeshwa pembeni.

Alikuwa amekaa kwenye zulia chini ya taa, kavaa baibui lililotariziwa ambalo si lake. Alikuwa amekonda. Wanawake sita walipanga foleni mbele yake. Nilisimama nyuma yao. Sikumwita. Foleni ilisogea, nami nikasogea nayo, hadi nikajikuta nimepiga magoti mbele ya mke wangu na kumnyooshea mkono.

Hakuinua kichwa. "Ua au nge?" akauliza kwa Kiingereza. Wanaume wengi huchorwa nge.

Akaushika mkono wangu augeuze, ndipo alipoona kidole gumba, kile kilichobanwa na paleti ya mbao ya kuwekea mizigo ghalani, kisicho na ukucha. Mkono wake ulisimama. Koni ilidondosha tone moja la hina juu ya ngozi yangu, akalifuta kwa kitambaa. Halafu akaanza kuchora.

"Umefikaje hapa?" akauliza kwa sauti ya chini, bado hajaniangalia.

"Kwa tiketi."

"Usipaze sauti. Msimamizi anatuona."

"Kwa nini hunipigii?"

"Nikikupigia utaniuliza kama nimekula."

Kweli, ndicho nilichokuwa nikimuuliza. Kila Ijumaa: umekula? Umelala? Joto lipo? Kisha salamu, kisha nakata.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alikohoa akingojea zamu. Mke wangu alimaliza. Alikuwa amechora ua dogo lenye majani mawili, na kwa mara ya kwanza akanitazama. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ngoma ikianza, watu wote hutazama jukwaani," akasema. "Njoo nyuma ya jiko, penye matangi ya maji."

Nikala. Nilipanga foleni nyingine, nikapewa mishikaki, wali na mkate wa moto, nikakaa meza moja na maharusi wangu, nikatafuna kama mtu anayetafuna pamba. Ngoma ilianza. Mwanamume mmoja aliingia na sketi pana yenye rangi nyingi, akazunguka na kuzunguka, sketi ikawaka taa. Watu walipiga makofi. Niliondoka wakati anarusha kitambaa hewani.

Alikuwa ananisubiri ameegemea tangi. Harufu ya mkaa ilikuwa nzito.

"Turudi nyumbani," nikasema. "Chochote nilichokukosea, turudi."

"Hujui ulichonikosea?"

"Niambie."

"Mlimzika mwanangu mimi nikiwa hospitali," akasema. "Sikulaumu kwa hilo, maiti haicheleweshwi. Lakini nilipotoka nilikuomba unipeleke nikaone alipolala. Ukasema Jumapili. Nikakuomba tena. Ukasema Jumapili. Jumapili ngapi zimepita? Nikajua hutaki. Nikaja kukaa huku mbali, maana kule nilikuwa namtafuta kwenye kila kichochoro."

Hapo ndipo nilipopaswa kuwa na maneno yangu. Nilikuwa na moja tu, na lilikuwa limenikaa kooni zaidi ya mwaka.

"Sipajui," nikasema.

"Hupajui wapi?"

"Kaburi. Nilirudi wiki ya pili yake, peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Vituta vya watoto ni vidogo, havina vibao, vyote vilikuwa vimelala sawa na ardhi. Nilizunguka mpaka nikafukuzwa na giza. Sikujua ni lipi. Ningekuambiaje? Mwanao nimemzika mwenyewe na sijui nilipomweka."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga. Aliteleza chini taratibu mpaka akakaa kwenye mchanga, akaweka mikono juu ya kichwa.

"Kumbe," akasema. Akarudia, "Kumbe." Muziki ulikuwa umebadilika, watu wanamshangilia mcheza moto sasa. Nilikaa chini karibu naye, sikuthubutu kumgusa. Alilia kwa sauti niliyowahi kuisikia mara moja tu, hospitalini, na muziki ule ulimfunika. Mpishi alichungulia na ndoo mkononi, akarudi ndani.

Alipoweza kusema, alisema bila kunitazama. "Mkataba wangu umebaki miezi miwili. Ukipajua alipo, nitakuja Durban. Usipopajua, nakwenda Tanga kwa mama, na wewe usinifuate."

Honi za magari zilianza kulia kuita wageni. Dereva wangu alikuja mpaka kwenye kona ya jiko akanikuta bado nimekaa chini. Alimwangalia mke wangu, akaniangalia mimi. "Kaka," akasema polepole, "gari ni moja." Nikainuka. Njiani maharusi walilala wameegemeana. Dereva aliponishusha hotelini alinishika bega tu.

Nilirudi Durban nikaenda makaburini Jumamosi ya kwanza. Mlinzi wa pale alikuwa mzee wa Kizulu mwenye daftari kubwa lililofungwa kwa uzi. Nilimpa tarehe. Alipitisha kidole kurasa nyingi.

"Eish, baba," akasema. "Siku ile na kesho yake, watoto wawili, safu moja. Aliyeandika hakuandika nani yuko kushoto."

Akanionyesha. Vilikuwa vituta viwili vimeota majani, kati yake hatua moja. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka: nilisimama wapi, ua ulikuwa upande gani. Nilikumbuka uzito tu, jinsi asivyokuwa na uzito. Kati ya wanaume wawili wa msikitini waliozika pamoja nami, mmoja alikuwa amehamia Cape Town na hakukumbuka. Wa pili, fundi simu wa Isipingo, alikuja nami, akaangalia kwa muda mrefu. "Kushoto, nadhani," akasema. Kisha akasema, "Kaka, siwezi kuapa." Niliitafuta familia ya yule mtoto mwingine kupitia msikiti. Walikuwa wamerudi Malawi, hakuna aliyekuwa na namba yao.

Kila Jumamosi nilikwenda, kana kwamba ardhi ingeniambia. Wiki ya saba nilimpigia. Nilipanga kumdanganya. Ingekuwa rahisi: kushoto, basi, mambo yaishe. Alipopokea niliona siwezi.

"Ni moja kati ya mawili," nikamwambia. "Zaidi ya hapo sitajua mpaka kufa."

Akakata simu.

Alikuja. Sikujua kama atakuja mpaka nilipomwona anatoka kwenye mlango wa uwanja wa ndege na begi moja. Hatukukumbatiana. Alisema hataki kwenda nyumbani kwanza. Tukaelekea makaburini. Kila robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, na kila tuliposimama nilimsikia akivuta pumzi.

Nilimwonyesha vituta vyote viwili. Nilisema, "Hiki, au hiki." Alivitazama kwa zamu, akavua viatu, akakaa pale katikati, kwenye ile hatua moja, akaweka kiganja kimoja kwenye kituta cha kushoto na cha pili kwenye cha kulia. Alisoma dua. Aliisoma mara mbili.

Nilisimama nyuma yake nisijue mikono yangu niiweke wapi. Sijui kama amenisamehe, wala siku ile sikuuliza. Alipomaliza aliniambia nikae. Nikakaa kwenye majani.

"Haya," akasema. "Nisimulie. Ilikuwa asubuhi au mchana?"

"Asubuhi," nikasema.

"Nani alimbeba?"

"Mimi."

"Anza hapo. Usiruke kitu."