Moyo wa Jumapili

Baba hutengeneza masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni, pale Kariobangi. Mwaka juzi alianza kupata kizunguzungu kazini. Kliniki moja ya Donholm ikambandika stika na waya kifuani, ikamfunga kiunoni kifaa kidogo cha kurekodi mapigo ya moyo siku nzima. Alipewa pia karatasi ya kuandika kila alichofanya, na saa aliyokifanya.

Akaja nyumbani, akavaa suti ya kanisani, akaketi kwenye kochi, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Baba, unafanya nini?"

"Nataka daktari aone kitu kizuri."

Badala ya kumkataza, mimi nikampikia uji na kuzima redio. Karatasi yake ilijaa neno moja kutoka juu hadi chini: nimekaa.

Majibu yakatoka safi. Mama mmoja wa kliniki, aliyeshughulika na vipimo, aliisoma karatasi ile, akanitazama. "Mmeniletea moyo wa Jumapili. Kwani huyu mzee hushikwa na kizunguzungu akiwa kwa kochi?"

Nilikasirika, hasa kwa kuwa alisema kweli.

"Avae kifaa tena, aende akagonge mabati," akasema.

"Na nyundo si itaharibu vipimo?" Baba akauliza.

"Hiyo tuachie sisi, mzee."

Safari hii Baba aligonga masanduku kutwa. Kwenye kompyuta mstari ulivurugika kama uzi wa chuma wa kusugulia sufuria. Yule mama alituonyesha mtikisiko wa mkono, kisha akaiamuru kompyuta iuchuje. Mapigo yakabaki peke yake, moja baada ya jingine. Halafu mstari ukanyooka.

"Hapa moyo umesimama sekunde nne. Saa nane na dakika kumi." Akaichukua karatasi, akatusomea mwandiko wa Baba: nimepumzika kidogo.

Mapumziko hayo niliyajua. Kila nilipompelekea chakula nilimkuta ameegemea meza ya kazi, macho amefumba, nami nikamtania kwamba siku hizi ameanza uvivu. Alikuwa akicheka na kuokota nyundo.

Yule mama akaeleza kwamba atawekewa kifaa cha kuuamsha moyo kila unapochelewa. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimemshika Baba mkono, nalia, namwomba msamaha.

"Wachana na hayo," akaniambia. "Hata mimi nilidhani ni uvivu."