Msahafu wa Kotile na Droo ya Juu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkutubi Mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha Mikusanyo Maalumu, yaani vitabu adimu na hati za mkono. "Hapa hakuna kuazimisha," akasema. Nikafungua: rafu tupu na vumbi la Garissa. Nilikuwa nimetoka Kitui kwa mbwembwe zote, na moyo ulinishuka.

Nikaanza kuzunguka vijijini nikiomba hati. Wa kwanza kukubali alikuwa Sheikh Abdullahi wa Kotile. Alituletea Msahafu ulioandikwa kwa mkono na babu yake, mpana kama sinia, pembe zake zimeliwa na wadudu. Msaidizi wangu, Hawa, alichukua udhu, akaufunga kwenye plastiki, akaugandisha kwenye friza ili wadudu wafe. Kisha tukautia katika sanduku lisilo na asidi, kwa maana asidi hudhoofisha karatasi.

Kanuni yetu ni kwamba vitabu vikubwa hulazwa rafu ya chini, visianguke. Nao ukalazwa huko. Sheikh alipokuja na wazee wenzake kuutazama, alibaki akiangalia miguu yake.

"Mama, maneno ya Mungu iko chini, karibu na fiatu? Wallahi, leo nabeleka nyumbani."

Nilijua ukirudi nyumbani wadudu wataumaliza. Nikamkimbilia Mkutubi Mkuu kumwomba tuuweke juu.

"Kanuni ni kanuni," akasema bila kuinua macho. "Ukiuweka juu ukaanguka, utajibu wewe."

"Nitajibu," nikasema, nikatoka haraka asije akabadili nia.

Tulikuwa na kabati la ramani lenye droo pana, na ya juu kabisa ilinifika kifuani. Nikazishusha ramani zote za serikali pamoja na mihuri yake, Hawa akaupandisha Msahafu. Sheikh akapapasa juu ya kabati.

"Juu yake hakuna kitu?"

"Hakuna, Sheikh, na hakitawekwa."

"Basi iache hapo."

Nilishangilia mbele ya wazee bila haya. Habari zikafika hadi Sangailu, na familia zikaanza kuja na hati zilizofungwa kwa ngozi. Tukaagiza makabati mengine. Mkutubi Mkuu naye akawa anawatembeza wageni akijisifu kwa "droo zetu". Nilimwacha ajisifu, furaha ilikuwa inatutosha sote.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mtafundishwa kanuni, nanyi zishikeni, ila kwanza muulizeni mwenye kitabu. Mimi kila nikikumbuka kazi yangu, naikumbuka siku Mto Tana ulipofurika ukazoa nyumba za Kotile. Sheikh alifika maktabani na matope hadi magotini. Akatawadha, akaketi, Hawa akamfungulia droo. Alisoma kwa sauti kubwa katika chumba tusichoruhusu hata mnong'ono, na Mkutubi Mkuu mwenyewe akasimama mlangoni akisikiliza.

Alipomaliza, Sheikh alinitazama akitabasamu.

"Nyumba imekwenda na maji, mama. Babu yangu iko."