Mikono ya Sekela

Simu ilipoita Alhamisi ile, saa tisa alasiri, Eveline alikuwa amesimama juu ya benchi kanisani Isyonje, akikwangua nta ya mishumaa iliyogandia dirishani. Aliyepiga alikuwa Joachim, mkuu wa wabeba fimbo kwenye uwanja wa gofu wa mashamba ya chai kule Mufindi. Ni Mhehe mpole ambaye salamu zake hupita kwa watoto na mahindi hadi kufika kwa kuku. Siku hiyo hakuulizia kuku.

"Dada Eveline, umekaa?"

"Nimesimama juu ya benchi."

"Basi shuka kwanza."

Alishuka. Akaketi kwenye kiti cha wazee wa kanisa, ambacho kwa miaka kumi na miwili ya ukatibu wake wa akina mama hakuwahi kuthubutu kukikalia, kisu cha nta kikiwa bado mkononi. Hapo akaambiwa kwamba mdogo wake Sekela amefariki hospitalini Iringa kwa homa ya mapafu. Aliugua siku nne tu. Jana yake, Joachim alisema, alikuwa bado anamwomba nesi ahamishie sindano mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ndio wenye ajira.

Eveline alisali palepale, sala fupi isiyo na mpangilio. Baada ya amina, maneno ya kwanza kumjia hayakuwa ya Biblia. Yalikuwa ya Sekela mwenyewe, aliyoyasema miaka mitatu nyuma chini ya bango kubwa pale njia panda ya Uyole: "Dada, nikifa msinizike na mikono ya mtu."

Sekela alizaliwa akitumia kushoto. Mama yao alijitahidi kumrekebisha. Alimfunga mkono ule kwa kipande cha kitenge wakati wa kula, na mtoto akajifunza kula ugali kwa kuinama kama mbuzi, akifurahi kuliko waliokuwa wamekaa sawasawa. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda Mufindi kuchuma chai. Kutoka kwenye chai akahamia kubeba fimbo za wachezaji wa gofu, kwa maelezo kwamba kazi zote mbili ni kuzunguka kwenye majani na mzigo mgongoni, ila hii ya pili wenye mali wanatembea pia.

Huko stoo palikuwa na seti moja ya fimbo iliyoachwa na meneja mmoja wa zamani. Zilikuwa za mtu wa kushoto, kwa hiyo hazikuwa na faida kwa yeyote. Joachim alimpa Sekela akazipanguse. Alizipangusa, kisha akaomba mpira mmoja. Joachim anasema ule mpira hadi leo hawajauona.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Baada ya miaka minane alikuwa mchezaji wa kulipwa, mmoja kati ya wanawake wachache nchini, akisafiri kwa treni hadi Zambia kushindana. Mpira wake ulikuwa ukiruka mita mia mbili na kitu. Lakini waandishi wa habari walipomfikia hawakuuliza mita. Waliuliza nani anamsuka, sketi ile ni fupi kiasi gani, na kama mchezo huu hautamzuia kuolewa.

Mwanzoni alijibu vizuri. Baadaye akaona ajiburudishe. Aliporudi na kombe kutoka Zambia, mtangazaji wa redio alimuuliza nani anampikia mumewe akiwa safarini. Alijibu kwamba mume hana, ila ana dada yake Eveline wa Isyonje, anayepika vibaya sana, na ndiyo maana yeye husafiri. Nusu ya usharika ilikuwa inasikiliza. Jumapili iliyofuata, mlangoni mwa kanisa, akina mama wawili walimpa Eveline bamia na maelekezo ya kuzipika.

Lakini lililomuumiza Eveline zaidi lilikuwa la viazi. Mwandishi mmoja wa gazeti, Samwel, alimuuliza Sekela siri ya mkwaju wake. Akamwambia kwamba nyumbani kwao hufanya mazoezi kwa viazi mviringo. Haikuwa kweli hata kidogo. Samwel akapanda mpaka Isyonje na kamera, akitaka kuona. Sekela hakutaka kumvunja moyo. Alivaa mabuti ya mvua, akafunga kitenge, akavaa sweta la marehemu baba lililotoboka kiwiko, akapanga viazi kwenye tuta na kuanza kuvitandika.

Picha iliyotoka gazetini ilimwonyesha amemaliza kupiga, mikono ikiwa juu, ule wa kushoto mbele, kucha zimejaa weusi wa majani ya chai, aliyoendelea kuchuma pasipo na mashindano, weusi ambao hautoki kwa sabuni. Mdomo ulikuwa wazi kwa kicheko. Kiazi kilikuwa kimepasuka hewani. Nyuma alionekana mama, mikono kichwani, akivililia viazi vyake. Vile vipande viliokotwa, vikapikwa, Samwel akalishwa sahani mbili kama fidia.

Mama aliipenda picha ile akaitia kwenye fremu. Eveline aliichukia. Kila mchungaji alipokuja kuwatembelea, aliitoa ukutani mapema na kuificha nyuma ya kabati la vyombo. Sekela akija likizo aliirudisha mahali pake, akinywa chai na kumtazama dada yake kwa pembeni.

Kisha ikaja kampuni ya losheni. Kijana wao wa masoko aliitwa Anord, mwenye viatu vyeupe na maneno laini. Wachezaji wanaume walioshindwa na Sekela uwanjani walikuwa wanatangaza viatu na betri za magari. Yeye aliambiwa gofu ya wanawake inauzwa kwa ngozi. Sekela alikubali, kwa sababu pasipo mdhamini mtu haalikwi mashindano, akaenda Dar es Salaam kupigwa picha siku nzima.

Bango lilipowekwa Uyole, Eveline alimshusha mama yao walione. Sekela mwenyewe alikuwapo, ameegemea nguzo, akila muhogo wa kuchoma. Juu yao alisimama mwanamke mweupe kama maziwa, sketi fupi, fimbo imeshikwa kama mwavuli siku ya harusi. Uso ulikuwa wa Sekela, ingawa kovu la kidevuni lilikuwa limetoweka. Mama alilikagua kuanzia nywele hadi vidole.

"Kichwa ni chake," alisema. "Hiyo mikono mmemwazima nani?"

Sekela alieleza bila aibu. Wataalamu waliona mikono yake haifai kuuza losheni, wakampiga picha binti mwingine mwenye mikono laini, wakaunganisha kwa kompyuta. Binti huyo alikuwa wa kulia, basi na fimbo ikawa ya kulia. Alicheka mpaka muhogo ukamkwama. Alipotulia ndipo akamshika Eveline kiwiko na kusema yale maneno. Eveline alimwambia aache kuongea habari za kufa barabarani. Sekela hakumwachia mpaka alipoitikia.

Sasa alikuwa amekufa, na ahadi ilikuwa juu ya Eveline.

Mwili ulifika Isyonje Jumamosi jioni, na Joachim na wenzake sita kwenye gari la nyuma. Asubuhi ya siku hiyo Anord alikuwa ameshatangulia. Alileta rambirambi za kampuni, fulana mia mbili zenye picha na jina la losheni, na bango la kitambaa lenye urefu wa mlango. Bango lile, alisema kwa upole, lingebebwa mbele ya jeneza na kusimamishwa kanisani. Na mpiga picha wa video angekuwapo.

Mzee Asukile, msemaji wa ukoo na mzee wa kanisa, alifurahi. Kwetu huku jeneza haliendi bila picha mbele, na picha nyingine kubwa ya Sekela haikuwapo. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ambazo hakumwachia mtu. Mzee Asukile alilitandaza bango kwenye nyasi, akalisifu, akasema kanisa litapendeza.

Eveline alisikiliza akiwa mlangoni. Alikuwa mtu wa kuheshimu wazee. Hakuwahi kumpinga Mzee Asukile hata kwenye ratiba ya kufagia. Aliingia ndani. Wakasikia kabati la vyombo likiburutwa. Alitoka na ile fremu, akaipangusa vumbi kwa upande wa khanga, akaiweka juu ya bango.

"Baba, hii ndiyo itakayotangulia."

Mzee Asukile aliinama, akaona mabuti, akaona kiazi.

"Mama Katibu," alisema polepole, "kiazi kiingie kanisani mbele ya maiti? Watu watacheka ibadani."

"Wacheke, baba. Mikono ni yake. Nilimwahidi."

Mzee akasema ahadi za barabarani si agano. Anord akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine zote mbili zingebebwa, ile ndogo kwa nyuma kidogo. Eveline hakuondoa mkono wake juu ya fremu. Mzee alikunja uso.

Ndipo mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi, akamwita Anord asogee.

"Mwanangu, huyo binti mwenye mikono yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Yupo Dar."

"Ana watoto?"

"Mmoja, nadhani."

"Basi tusimzike," alisema mama. "Mwacheni alee."

Hakuna mtu Isyonje ambaye angekubali kuongoza jeneza akiwa amebeba mikono ya mtu aliye hai, Mzee Asukile akiwa wa mwisho kabisa kwenye orodha hiyo. Alilitazama bango kama mtu aliyegundua kuwa anakaribia kukanyaga nyoka. Akarudi nyuma hatua mbili, akasema kwamba kwa kweli hata yeye ile ya viazi ameipenda tangu mwanzo.

Bango halikupotea bure. Mama aliomba likinge upepo jikoni kwenye masufuria, picha ikitazama ndani.

Usiku huo Eveline na akina mama wawili wa kanisa walimvika Sekela gauni jeupe. Mmoja alileta glavu nyeupe za kitambaa, za maharusi. Eveline alimshukuru, akazirudisha. Mikono waliiacha wazi, na weusi wake wa chai kwenye kucha.

Maziko yalikuwa Jumatatu. Ulikuwa mwezi wa sita, na ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Watu walizipokea fulana za kampuni kwa shukrani nyingi, wakazivaa, kisha juu yake wakavaa masweta, makoti na mablanketi. Mpiga picha wa video alizunguka saa nzima asipate jina la losheni hata moja. Anord, ambaye kumbe alikulia Makambako na baridi ameisahau mjini, alikuwa ndiye peke yake mwenye fulana iliyoonekana, hadi mama alipomfunika kwa blanketi la Sekela.

Ibada ilianza saa saba. Eveline alitangulia na ile picha kifuani. Alipoingia kanisani kilisikika kicheko kimoja upande wa wanaume, kisha kingine, kisha karibu kanisa zima, na waliokuwa wanacheka ndio hao hao waliokuwa wanalia. Mchungaji alisubiri wamalize. Aliisoma zaburi, akahubiri kwa dakika ishirini, akasema Mungu anaijua kazi ya mikono ya kila mtu.

Jeneza lilibebwa na Joachim na wabeba fimbo wenzake. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya baba yao. Kwaya iliimba nyimbo mbili. Mama alitupa udongo, akafuata Eveline, kisha Mzee Asukile, kisha wengine kwa zamu. Joachim aliweka fimbo moja ya zamani juu ya jeneza kabla halijafunikwa. Vijana walijaza udongo wakapanga maua. Mchungaji akatoa baraka saa tisa na nusu.

Watu wakanawa, wakala wali, maharage na viazi, wakarudi makwao. Eveline aliingiza ndani benchi zilizoazimwa kanisani, kisha yeye mwenyewe akaitundika picha mahali pake ukutani.