Tuta Lililoondolewa ili Mheshimiwa Apite

Siku ya Jumanne jirani yangu hapa mtaa wa West Indies alinipigia simu huku analia. "Umesikia ya Madam? Lori limemgonga hapo kwa geti ya shule." Madam alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya kutwa kwenye barabara ya Soy, na kwa miaka mingi tulikuwa wapangaji wa ploti moja. Alikuwa akivusha watoto barabara. Watoto walifika ng'ambo salama, yeye hakufika. Nimeshauriwa niandike kwa upole kwa kuwa huu ni msiba. Wasomaji wangu, mniwie radhi. Upole leo sina. Nina hasira, na sitaificha.

Siku moja nilimtembelea shuleni nikamkuta uwanjani na Gredi ya Tisa, wamezunguka wilbaro. Maabara hawakuwa nayo. Alimwambia msichana mmoja aikimbize wilbaro tupu kwenye mteremko na kusimama papo hapo kwenye mstari wa chokaa. Akasimama bila shida. Kisha wakaijaza viazi, akaikimbiza tena, na safari hii wilbaro ikamburuta hadi kwenye ua wa miiba. Darasa zima likavunjika mbavu. "Mnacheka?" Madam akauliza. "Hii ni viazi tu. Sasa wekeni magunia ya mahindi, lori nzima. Na dereva akiongeza kasi mara mbili, nishati ya mwendo haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne! Atasimama wapi huyo?" Halafu akanigeukia. "Na wewe mwandishi, andika hii. Kila siku siasa, siasa, hauchoki?" Niliandika, na aliibandika makala ile ukutani darasani.

Wakati huo wazazi walikuwa wameomba tuta mbele ya lango la shule mpaka wakachoka. Mwishowe walijijengea wenyewe kwa mawe na udongo wa muramu, na malori yakaanza kupunguza mwendo. Kisha Mheshimiwa mmoja akaalikwa kwenye harambee ya kanisa huko mbele. Desturi yetu mnaijua: mkubwa akija, tunafagia njia, tunapaka mawe chokaa, na siku hizi tunasawazisha hata matuta, ili msafara usisumbuke. Asubuhi ya harambee hiyo tingatinga lilikuja kulikwangua lile tuta. Madam alisimama mbele yake. "Mtarudisha lini?" Msimamizi wa kazi akacheka. "Madam, tulia basi. Mgeni akishapita tutarudisha." Mgeni alipita hata hujameza mate. Tuta halikurudi. Ndipo Madam akaanza kusimama barabarani asubuhi na jioni, ameshika bendera nyekundu aliyoikata kwenye pazia la nyumba yake.

Alizikwa kwenye shamba lake, karibu na shule. Mheshimiwa yule yule alikuja, akapewa maikrofoni. "Mwalimu wetu siku yake ilikuwa imefika," akasema. "Ni mpango wa Mungu." Na watu wakaitikia amina! Amina ya nini, jamani? Mungu ndiye aliyeleta tingatinga? Tunawakaririsha watoto mwendo na nishati ili wapite mtihani, halafu sisi watu wazima tunaishi kana kwamba uzito na kasi ni mambo ya ubaoni. Lori lile lilifanya kile hasa Madam alichosema litafanya. Sisi ndio tuliolifungulia njia, kisha tukavaa suti nyeusi kuja kushangaa. Aibu yetu.

Kaburi lilipofukiwa, mama mmoja, mzazi wa shule ile, hakungoja chakula. Alichukua jembe likiwa bado na udongo, akashika njia ya barabarani. Wengine wakamfuata na sepetu, na wanakwaya wakaanza kubeba mawe wakiwa wamevaa sare zao nyeupe. Msafara wa Mheshimiwa ulipofika ukawakuta katikati ya lami. Honi zikalia. Msaidizi mmoja akashusha kioo. "Mama, tupisheni kidogo, Mheshimiwa amechelewa."

Mama hakuinua hata kichwa. "Mwambie angoje. Tunajenga."

Na walingoja. Basi tujifunze, ingawa tumechelewa. Mkubwa mwingine akija, apite polepole kama sisi wengine. Hiyo ndiyo heshima ya kutosha. Na tingatinga likitumwa tena, lisimkute mwalimu mmoja amesimama mbele yake peke yake. Litukute sote.