Kisu cha Mzee Mbonea na Kuni Mbichi

Enzi zetu, sisi watoto wa kijiji cha Kighare, huku mlimani, tuliteleza mtelemkoni juu ya magome ya migomba hadi sketi zikatoboka, kisha tukarudi kuchapwa na kula makande ya jana. Lakini msimu wa ukungu hatukucheza. Ndio msimu vifua vya watoto vilipobana.

Mwaka ule kilibana cha mdogo wangu, Eliasi. Mbavu zilizama kila alipovuta pumzi. Bibi akamwita Mzee Mbonea, fundi wa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Alikuwa ameshaketi, kisu kiko tayari, Nesi Namsifu alipoingia na sanduku la dawa kichwani. Alipanda mlima kwa miguu kuja kliniki ya watoto pale kanisani, na alipomkosa Eliasi akatufuata nyumbani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Kimeo kinamkaba."

Nesi akaweka sikio kifuani pa mtoto. "Ugonjwa uko huku chini, babu. Ukimkata atapoteza damu, na pumzi hana. Niache nimchome sindano."

"Na akifa?"

"Ukoo unidai mimi."

Mama alinitazama tu, nikakimbilia mafigani, mlemle chumbani. Siku zile sindano ilichemshwa kwanza, na kuni zetu zilikuwa mbichi. Nilipuliza, ukatoka moshi mtupu. Nyuma yangu Eliasi alikoroma, akanyamaza, akakoroma tena.

"Bado tu?" Mzee aliuliza.

Bwana, yachemke, niliomba.

Mzee Mbonea akainuka na kisu chake. Akakipindua kigoda alichokalia, akachonga vibanzi vikavu kutoka mguu mmoja wa kigoda, akavisukuma chini ya sufuria.

"Puliza sasa, mjukuu wangu."

Maji yakatokota. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshika Eliasi akichomwa. Nesi hakuteremka mlima mpaka mtoto alipoomba uji.

Leo zahanati iko karibu, ashukuriwe Mungu, na wajukuu wangu wanapelekwa kwa bodaboda. Wakikuta foleni wananung'unika, "Bibi, tutazeekea hapa!" huku macho yakiwa kwenye simu. Hawajui kungoja maji.

Jumapili Eliasi, mwenye mvi sasa, huimba besi kwenye kwaya, koo lake zima, bila kovu la kisu. Kigoda ninacho bado, kinayumba. Vijana wanataka kukitupa wanunue cha plastiki. Nawaacha waseme, nakikalia.